Kahawa ya Mama na Kisanduku cha Slovenia

Kaagya,
Bukoba Vijijini.
Jumapili, 17 Agosti 2025.

Mpendwa mdogo wangu Kamala,

Bwana Yesu asifiwe. Kabla sijasema lolote nakuuliza hali. U mzima? Lile bega lililokuwa linakusumbua kwa sababu ya kubeba maboksi kazini limepoa? Unakula vizuri? Mimi namshukuru Mungu naamka na kutembea, ila presha inapanda na kushuka, na sababu yake mojawapo utaisoma humu. Nyumbani wote wazima. Migomba ya upande wa chini imepatwa na mnyauko, tumeng'oa mashina kumi na moja, lakini ile ya karibu na makaburi imesimama vizuri. Kahawa imeiva sana mwaka huu, mikeka imejaa uani hata kuku hawana pa kupita.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako hainipokei. Tangu mwezi wa sita ujumbe wangu wote kwako una tiki moja tu. Nikaona niache kuisumbua simu nishike kalamu kama zamani.

Barua hii anakuletea Padre Kahangwa wa Rubya, mtoto wa kaka yake rafiki yangu Benigna. Anarudi masomoni Roma, na ameahidi kupanda treni mpaka Verona kukutafuta kwa anwani iliyo nyuma ya bahasha yako ya zamani. Benigna amenicheka sana, eti Mlutheri mimi leo ninamtuma padre. Ukimfungulia mlango msalimie "Tumsifu Yesu Kristo," atafurahi.

Sasa Kamala, kaa chini usome taratibu. Nataka kukueleza kwa nini sikutokea pale stesheni ya Verona. Kaka Mwijage hahusiki. Narudia, Mwijage hakunizuia, wala hakujua. Kosa ni langu peke yangu na nimelibeba miezi miwili.

Nianze na mama. Wiki yake ya mwisho, Aprili mwaka jana, alikuwa hawezi tena kukaa, tukamwekea mito mgongoni. Akaomba aletewe akamwani, ile kahawa ya kutafuna aliyoichemsha na kuikausha mwenyewe kabla hajaugua. Akachagua punje saba, moja moja, akizigusa kwa kidole maana macho yalikuwa yamekwisha. Akazifunga kwenye jani kavu la mgomba, juu yake akazungushia uzi mwekundu aliouchomoa kwenye pindo la kitenge chake. Akaniambia, "Hii ni ya Kamala. Usimpe mtu ampelekee. Mtie mkononi mwenyewe, umwangalie anatafuna. Hapo nitajua amepokelewa nyumbani."

Unajua kwa nini alisema hivyo. Yale maneno ya Mwijage siku tunamzika baba, kwamba asiyekuja kumfukia baba asije akakanyaga kibanja chake cha migomba, mama hakuyameza mpaka anakufa. Tulimweleza Mwijage habari za karatasi zako, kwamba ukitoka huko usingeruhusiwa kurudi. Alisikia, lakini alikuwa ameshasema mbele ya watu.

Basi Mungu akafungua njia. Gerda unamkumbuka, yule nesi Mjerumani aliyekaa Muleba sisi tukiwa wasichana, mimi na Benigna tukimpikia na kumfulia. Mwaka huu ametimiza miaka sabini. Akasema zawadi anayoitaka ni sisi wawili tumtembelee, tiketi atashughulikia yeye. Niliposikia Ulaya, wa kwanza kumfikiria ulikuwa wewe. Gerda akapanga safari ya gari lake lenye vitanda ndani: tutoke kwake Ujerumani, tupite Austria, Slovenia, tuingie Italia, na mwisho wa safari uwe wewe, Alhamisi tarehe 19 Juni, saa nne asubuhi.

Njia ilikuwa ya kuzunguka kwa sababu ya mchezo wake. Tangu afiwe na mumewe, Gerda anatafuta visanduku. Usicheke. Kuna watu wanaoficha visanduku vya plastiki na vya bati kwenye mashimo ya miti, chini ya madaraja, nyuma ya mawe, halafu wanaweka namba za mahali hapo kwenye mtandao. Wewe unashika simu, inakuonyesha mshale, unaufuata mpaka ufike, kisha unainama unatafuta. Ukikipata unaandika jina lako kwenye kidaftari kilichomo, unakirudisha palepale. Ukikipenda kitu kilichomo unakichukua, unaacha kingine. Hakuna mshindi. Nilimwuliza, "Sasa faida yake nini?" Akanijibu kwa Kiswahili chake kile kile cha zamani, "Faida umefika mahali usingefika, Agnetha."

Na kweli tulifika. Chini ya daraja moja huko Ujerumani Benigna aliteleza akakaa kwenye maji, gauni na yote, akatoka ameshika kikopo juu kama kombe la mpira. Kwenye stesheni ya Salzburg kisanduku kilikuwa kimenasa kwa sumaku chini ya benchi. Gerda amekwenda chooni, Benigna amelala kifudifudi, mimi nimeshika mkoba wake, naona polisi wawili wanakuja moja kwa moja. Wakaomba pasipoti. Benigna huko chini ananiambia kwa Kihaya, "Wasemeshe! Wasemeshe!" Niwasemeshe nini mimi? Nikasema "Yesu" kwa sauti, ndilo neno lililokuja. Gerda akarudi mbio na simu yake. Yule polisi kijana alipoelewa alicheka, akainama, akakitoa yeye.

Ninakusimulia haya ili ujue tulikuwa na furaha, na kwamba furaha ndiyo iliyonilevya.

Siku ya kwanza kabisa Gerda alisema: tieni chochote ila chakula. Wanyama wa porini wananusa, wanakivunja kisanduku. Nilisikia vizuri. Lakini wewe unajua tulivyolelewa. Mtu akikufungulia nyumba yake, akamwani inatangulia kabla ya neno. Mimi ninafungua kisanduku cha mtu nisiyemjua, naandika jina langu kwenye daftari lake, halafu niondoke nimemwachia kifungo cha shati? Sikuweza, waitu mdogo wangu. Nilikuwa na vifurushi ishirini vya kahawa kwa ajili ya wenyeji wetu. Kila kisanduku, Gerda akigeuka, mimi natia kimoja. Benigna aliniona akanikunjia uso. Nikafanya kama sijamwona.

Kile cha mama nilikiweka mbali na vingine, chini kabisa ya sanduku la nguo. Lakini kadiri Alhamisi ilivyokaribia nikawa na hofu ya wezi, nikakihamishia kwenye mkoba wangu wa begani niwe nacho karibu. Mkoba uleule wa vile vingine.

Slovenia tulipanda mlima saa nzima, chini kuna ziwa, mvua inanyesha. Kisanduku kilikuwa kwenye ukuta wa mawe wa zizi la zamani. Miwani ilikuwa imejaa maji nikaivua. Gerda akageuka kufunga mwavuli. Nikaingiza mkono, nikatia, nikafunika, nikamshukuru Mungu kwa mahali pazuri.

Alhamisi saa moja asubuhi tulikuwa Vicenza, mwendo wa saa moja tu kutoka kwako. Nimeoga, nimevaa kile kitenge cha mama cha bluu ili ukione kwa mbali. Nikafungua mkoba nitoe kifurushi chako nikishike mkononi njia nzima. Hakuna uzi mwekundu. Nikamwaga mkoba wote kitandani. Nikahesabu vilivyobaki, nikahesabu nilivyogawa, nikakumbuka miwani na mvua.

Kamala, nililia kwa sauti mpaka mtu wa gari la jirani akagonga dirisha.

Ikabidi nitubu kwa Gerda. Akaniuliza, "Visanduku vingapi?"

"Tisa."

"Tisa!" Akasema mengine kwa Kijerumani, sikuomba tafsiri. Kisha akavaa miwani, akafungua ramani, akanieleza bila kunitazama. Ndege yetu ilikuwa Ijumaa saa sita mchana, kutoka Munich. Kurudi kwenye ule mlima ni zaidi ya saa nne. Tukianza na Verona, giza litatukuta bado tuko mlimani na Munich iko mbali, na macho yake hayaendeshi gizani. Ama Verona ama mlima. "Chagua, Agnetha. Mimi ni dereva."

Benigna akanishika mkono. "Nenda kamwone mtu. Mama yako hakuacha punje, aliacha watoto."

"Alisema nimtie mkononi. Nitamtia nini?"

"Mkono wenyewe uko Verona! Uko saa moja kutoka hapa, na wewe unaukimbia unafuata jani la mgomba!"

Alikuwa amesema kweli, na moyo wangu ulijua. Lakini niliogopa. Niliogopa kukutazama usoni baada ya miaka kumi na miwili, na kukwambia salamu za mwisho za mama nimezifukia kwenye ukuta wa watu kwa sababu ya kujifanya mstaarabu. Nikasema twende mlimani. Nikakuandikia ule ujumbe: "Imetokea dharura, hatutafika, nisamehe." Dharura gani, sikusema. Nilidhani nitakupigia jioni nikiwa na kifurushi mkononi, nikueleze yote, tutacheka.

Jibu lako lilinikuta kwenye kituo cha mafuta. "Sawa dada. Mwambie Mwijage nimemwelewa." Nilipiga palepale, ilikuwa imezimwa. Gerda aliona uso wangu. Akaniuliza, "Nigeuze?" Tulikuwa bado hatujavuka mpaka, Kamala. Ilikuwa inawezekana bado. Nikasema, "Endelea." Hilo neno moja ndilo ninalolitubu kila Jumapili, wala mchungaji hajui ninalia nini.

Tulipofika kwenye ule ukuta kisanduku kilikuwa chini, kimetafunwa pembeni, mfuniko uko mbali. Vitu vya watu vimetapakaa kwenye majani, visarafu, kigari cha mtoto, daftari limelowa. Mnyama alikuwa amefika kabla yangu. Nikaona uzi mwekundu kwenye mwiba. Jani la mgomba lilikuwa limechanwa vipande vipande.

Nilipiga magoti nikaanza kupekua majani moja moja. Benigna naye. Gerda anashikilia kiuno, hawezi kuinama, anatuelekeza kwa mwavuli. Hapo akapanda mzee mmoja mwenye kofia, ndiye mwenye kisanduku, mtu alikuwa amemwandikia kwamba kimevunjwa. Alianza kufoka, anaonyesha lile jani la mgomba. Gerda akamjibu kwa Kijerumani, maneno machache. Sijui alimwambia nini. Yule mzee akanitazama, akavua kofia, akapiga magoti karibu nami, nikasikia magoti yake yanalia. Tulitafuta saa mbili. Mimi nilipata punje mbili. Ya tatu aliipata yeye, ilikuwa imeingia kati ya mawe, akanipa kwa mikono miwili kama mtu wa kwetu.

Nilimpa kifurushi kizima kingine. Akatia moja mdomoni palepale, akakunja uso, akaitema, akaomba radhi. Benigna alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa na tatu kati ya saba, na wewe ulikuwa Verona unaamini tumekutupa.

Njiani kurudi Gerda alisimamisha gari, akaandika kwenye simu yake kwa wenye visanduku vile vingine vinane, waende wakaitoe kahawa yangu. Nilimwuliza majina yao niwaombee. Nawaombea.

Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwa Mwijage. Nilimkuta kibanjani anapunguza majani ya mgomba. Nikamsimulia yote nikiwa nimesimama. Akacheka, yule kaka yako, akajipangusa macho kwa kiganja. "Yaani umevuka bahari ukawakaribishe mbweha wa Wazungu kahawa ya mama?"

"Cheka," nikamwambia. "Kamala anadhani wewe ndiye uliyenizuia. Amesema amekuelewa."

Kicheko kikakatika. "Mimi nimefanya nini?"

"Uliyoyasema kwenye kaburi la baba."

Alirudi kukata majani, na akakata hata yale yasiyohitaji kukatwa. Wiki nyingi hakuja kwangu. Kanisani anakaa upande ule, mimi upande huu. Nikasema moyoni, sasa nimepoteza wote wawili.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, namwona anakuja na mkewe Hellen. Akakaa. Hakutaka chai. Akasema, "Nizione." Nikaleta zile tatu, nilikuwa nimezihifadhi kwenye kifuko cha miwani. Akazitazama kwenye kiganja changu muda mrefu. Kisha akachukua moja. Kamala, nilitaka kumpokonya. Akaipasua kwa kucha, zile mbegu mbili za ndani zikaachana. Moja akatia mdomoni, akatafuna taratibu mpaka ikaisha, Hellen ameshika mdomo. Ile nyingine akairudisha kwenye kiganja changu akanifunga vidole.

"Mpelekee. Mwambie yangu nimetafuna. Akiitafuna hiyo, maneno yangu ya kaburini yamekwisha, na nitayasema kuwa yamekwisha mbele ya walewale waliosikia. Asipoitafuna nitajua, sitamlaumu."

Akasimama akaenda. Mlangoni akageuka. "Na mwambie choo cha nyumba yake kimebomoka, nimeanza kukijenga."

Unajua waliokuwa wakigawana punje moja hapa kwetu. Walikuwa watu baki, wakitafuna wanakuwa ndugu, na hakuna tena anayeweza kumfungia mwenzake mlango. Ninyi mmetoka tumbo moja na bado imebidi.

Basi ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyeupe iliyokunjwa, nimeishona kwa uzi isimwagike. Humo imo nusu ya Mwijage. Hiyo haikuhitaji mkono wangu, maana yeye hakusema nikutie mkononi. Sikulazimishi. Ila usiitupe kwa hasira uliyonayo kwangu. Kama ni hasira, nikasirikie mimi niliyesema "Endelea." Mwijage ametafuna ya kwake bila kujua wewe utafanya nini na ya kwako, na tangu siku hiyo kila akipita ananiuliza kwa macho.

Mbili za mama zimebaki. Nimezifunga upya kwa uzi wake uleule mwekundu, zimo kwenye kopo la chai juu ya kabati lake. Hizo simpi padre, simpi mtu yeyote, hata akija malaika. Nilishavunja amri ya mama mara moja kwa uzembe, sitaivunja kwa kuichoka. Mwezi wa tano uliniambia karatasi zako huenda zikatoka kabla ya mwaka kwisha. Zikitoka njoo uzichukulie hapa. Zisipotoka, nitazitunza. Mimi nina miaka hamsini na nne, na presha, lakini nina subira.

Hellen anakusalimu, na binti yake aliyepata kipaimara mwezi uliopita. Mzee Rugaibula bado yupo, anauliza kama huko mna ndizi za kupika. Benigna anasema alikuwa na hamu ya kukuona kuliko mimi, na kwamba mimi nina kichwa kigumu. Mkubalie. Gerda naye anaandika kwamba siku ukihitaji kufika kwake, mlango uko wazi. Kashaija jirani anaomba picha yako, anasema amekusahau sura.

Mungu wa baba na mama akulinde unapoingia na unapotoka, akulainishie moyo, na mimi anisamehe.

Padre Kahangwa atakaa Verona siku mbili. Nakuomba umpe jibu aondoke nalo, hata likiwa mstari mmoja. Niambie umetafuna au hukutafuna. Usinijibu kwa kunyamaza tena, Kamala. Andika upesi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda tangu nilipokubeba mgongoni,

Agnetha